Kidole Kikiachia

Katika duka la sekretariati mjini Gitega, la kuchapa barua za maombi ya kazi, kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti, kazi nyingi huishia kwenye mwendo mmoja wa mkono. Kijana wa kompyuta hubonyeza kitufe cha kushoto cha kipanya juu ya faili, hukishikilia, hulivuta faili hilo mpaka juu ya folda au juu ya picha ya flashi ya mteja, kisha huachia kidole. Faili huingia. Mteja hulipa, hupokea flashi yake, huifunga kwenye pindo la kitenge au kuitumbukiza mfukoni, na kuondoka kutafuta gari la kurudi kwao.

Mteja mwenyewe hakusema “nakili” wala hakusema “hamisha”. Alisema “niwekee kwenye flashi”. Ndivyo watu wanavyosema, Gitega, Muyinga, Kigoma na kwingineko: niwekee, nitilie, nirushie. Maneno hayo yanataja kule kitu kinakokwenda. Kuhusu kule kinakotoka hayasemi lolote.

Na hapo ndipo penye jambo. Mwendo ule mmoja wa mkono, ambao vitabu vya kompyuta huuita kuburuta na kudondosha, una vitendo viwili ndani yake, na kompyuta ndiyo inayochagua kipi kitendeke. Faili likiburutwa kutoka folda moja kwenda jingine ndani ya diski ileile, linahama: kule lilikotoka halipo tena. Likiburutwa kutoka diski moja kwenda diski nyingine, linanakiliwa: linafika kule na linabaki huku pia. Mkono umefanya jambo lilelile, kidole kimeachia vilevile, lakini tofauti ya matokeo ni ya mbingu na ardhi.

Hiyo ndiyo kanuni ya Windows, ndiyo ya Finder kwenye kompyuta za Apple, na ndiyo ya programu ya mafaili ya GNOME kwa wanaotumia Linux. Asiyeridhika nayo anaweza kuipindua. Kwenye Windows akishikilia Ctrl wakati anaburuta, faili litanakiliwa popote liendako. Akishikilia Shift, litahamishwa. Kwenye Apple kazi hizo hufanywa na vitufe vya Option na Command. Mashine nayo hutoa ishara: alama ndogo ya kujumlisha hujitokeza pembeni mwa mshale pale inapokusudia kunakili. Mwenye macho makali ataiona. Anayehudumia foleni ya watu sita, jua la saa nane likimulika skrini kupitia mlango ulio wazi, hataiona.

Kwa nini mashine itumie diski kama kipimo? Sababu yake ni ya kweli na inafaa kuelezwa, kwa kuwa wengi hudhani ni ukaidi tu wa mainjinia. Diski haina droo wala makabati. Yaliyomo ndani ya faili, yaani maneno ya barua au picha za harusi, yamelala katika vipande vilivyotawanyika mahali fulani. Kando yake kuna orodha inayosema faili la jina fulani, lililo katika folda fulani, vipande vyake viko hapa na hapa. Folda ni jina ndani ya orodha. Kwa hiyo mtu anapohamisha faili ndani ya diski moja, vipande havitikisiki hata kidogo. Kinachobadilika ni mstari mmoja wa orodha. Video ya harusi yenye gigabaiti 40 huhama kwa kupepesa jicho, sawa na barua ya kurasa mbili.

Kati ya diski mbili hali ni nyingine kabisa, maana kila diski ina orodha yake, na hakuna orodha inayoweza kuandika habari za vipande vilivyo kwenye diski ya jirani. Mifumo ya jamii ya Unix hulisema hilo waziwazi. Ukiiagiza ibadilishe anwani ya faili kuvuka kwenda kifaa kingine, inakataa na kurudisha kosa liitwalo EXDEV, na amri ya kuhamisha inalazimika kufanya kazi kwa njia ndefu: inakili kila kipande upande wa pili, kisha ifute huku. Kuhama kati ya diski mbili, kwa hakika, ni kunakili kunakofuatwa na kufuta.

Warundi wameona kuhama kwa namna ile ya kwanza, kwa kubadili mstari wa orodha, kukifanyika kwenye ramani. Kuna Nyamugari mkoani Gitega, na kuna Nyamugari nyingine Muyinga, kaskazini mashariki, upande wa mpaka wa Tanzania. Majina mawili yaliyo sawa herufi kwa herufi, wala hakuna anayeyachanganya, kwa sababu mtu hutaja mkoa, komine, kisha koline (kilima) yake. Mafolda mawili tofauti yanaweza kubeba mafaili mawili ya jina moja bila ugomvi wowote. Kisha ikaja sheria ya 2023, iliyoanza kufanya kazi na uchaguzi wa 2025. Mikoa 18 ikawa 5, komine 119 zikawa 42. Muyinga, pamoja na Cankuzo na Ruyigi, ikaingia katika mkoa mpya wa Buhumuza. Gitega ikabaki na jina lake, ila imepanuka.

Hakuna mgomba uliong'olewa, hakuna kaburi lililosogezwa. Mtu wa Muyinga alilala katika mkoa mmoja akaamka katika mwingine, na kisima ni kilekile. Anwani ndiyo iliyohama. Ndivyo diski inavyofanya mtu anapoburuta folda zima la miaka kumi kutoka hapa kwenda pale: linaandikwa chini ya mzazi mwingine.

Na mji wa Gitega wenyewe umewahi kuhamiwa kwa ile njia ndefu. Wajerumani walihamishia makao yao hapo mwaka 1912 kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Wabelgiji waliowafuata wakarudisha uzito wa utawala huko Usumbura, kando ya ziwa. Mwaka 2019 Gitega ikawa mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura ikabaki mji mkuu wa kiuchumi. Makao ya serikali hayahami kwa kubadili mstari wa orodha. Huhama ofisi kwa ofisi, boksi kwa boksi, na kwa muda mrefu mwananchi mwenye shida hulazimika kuuliza kwanza: huduma hii sasa iko wapi, huku au kule? Kompyuta hupita katika hali hiyohiyo mtu anapohamisha folda kubwa kwenda diski ya nje na umeme ukakatika katikati. Baadhi ya programu hufuta kila faili mara baada ya kulinakili, basi nusu ya folda inakutwa kwenye diski ya nje na nusu nyingine bado iko kwenye kompyuta, na kila upande una folda lenye jina lilelile.

Kwa hiyo kuhamisha ndani ya diski ni rahisi mno, na kuvuka diski ni kazi. Mashine huangalia gharama yake na kuchagua. Lakini mtu aliyeketi mbele yake hawazi habari za gharama. Anawaza: nikishafanya hivi, huku nilikotoka kutabaki nini? Mashine imejiuliza swali moja, mtu anajiuliza lingine, na mara nyingi majibu hukutana kwa bahati tu.

Tazama jinsi yanavyopishana. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana folda aliloliita Memuwari, lenye utafiti wake wote. Kompyuta ni ya mkono wa pili, kitufe cha kushoto cha kipanya kimechoka. Katika Windows, kwa kawaida inatosha mshale usogee nukta 4 za skrini, kitufe kikiwa kimebonyezwa, ili ihesabiwe kwamba kuburuta kumeanza. Nukta 4 ni chini ya upana wa punje ya mchele. Anakusudia kubonyeza mara mbili ili afungue folda, mkono unateleza, kitufe kinaachia chenyewe, na Memuwari inazama ndani ya folda la jirani yake, tuseme Muziki. Diski ni moja, kwa hiyo hakuna mstari wa kuonyesha kazi inavyoendelea, hakuna swali, hakuna sauti. Imekwisha kabla hajapepesa jicho.

Kesho yake anafungua kompyuta na Memuwari haipo. Atasema ni virusi. Atamuuliza mdogo wake nani ameigusa mashine. Atatoka jasho, maana siku ya kuitetea kazi yake mbele ya walimu imeshapangwa. Na wakati wote huo folda liko hatua moja tu kutoka pale alipoliacha, zima, halijapoteza hata herufi. Kama angejua jana yake, Ctrl na Z vingelirudisha papo hapo. Kwenye kibodi za Kifaransa zinazotumika Burundi, Z iko safu ya juu, jirani na A. Leo, baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa, njia hiyo imefungwa. Imebaki kulitafuta kwa jina, kama analikumbuka jina sawasawa.

Ni jambo la kusikitisha kwamba tendo jepesi kuliko yote kwa mashine ndilo lisiloacha alama yoyote kwa mtu. Kunakili huonekana: kuna dirisha, kuna asilimia zinazopanda, kuna kusubiri. Kuhamisha ndani ya diski hakuonekani.

Mpishano wa pili ni wa diski zisizoonekana. Kompyuta nyingi, hasa zilizopitia kwa fundi, huwa na diski moja ya chuma iliyogawanywa sehemu mbili, C na D. Fundi hufanya hivyo kwa nia njema: Windows ikiharibika atasafisha C, kazi za mwenye mashine zitasalimika D. Kwa mwenye mashine, hiyo ni kompyuta moja. Kwa Windows ni diski mbili, na kila moja ina orodha yake. Anaburuta sura ya tatu kutoka deskitopu kwenda D akiamini ameihifadhi mahali pake. Kumbe amezaa nakala. Wiki nzima anasahihisha ile ya deskitopu, na siku ya kuchapa anafungua ile ya D. Hapo ndipo yanapozaliwa majina yale ambayo kila mwenye sekretariati anayajua: mwisho, mwisho kabisa, mwisho2, mwisho wa kweli.

Kanuni hii haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iliyoitwa Star, ya kwanza kuuzwa sokoni ikiwa na mambo mengi ambayo leo tunayaona ya kawaida: kipanya, madirisha, picha ndogo za nyaraka na folda zilizopangwa kwenye skrini kama juu ya meza. Iliuzwa zaidi ya dola 16,000 kwa mashine moja. Lakini kibodi yake ilikuwa na vitufe vya pekee vya vitenzi. Kimoja kilikuwa cha kuhamisha, kimoja cha kunakili, kimoja cha kufuta. Mtu alichagua waraka, akabonyeza kitufe cha kitenzi, kisha akaonyesha mahali pa kuuweka. Hakukuwa na kubahatisha. Aliyetaka kuhamisha alisema hamisha. Aliyetaka kunakili alisema nakili. Mashine ilisubiri kuambiwa.

Apple, kwa Lisa ya 1983 na Macintosh ya Januari 1984, walivitupa vitufe hivyo na kuuachia mkono kila kitu. Yalikuwa mageuzi mazuri. Watu waliokuwa wakiogopa kompyuta waliweza kushika picha na kuisogeza. Ila kitenzi kilipoondoka, ilibidi kitu kingine kishike nafasi yake, na kilichoshika ni diski. Kwa wakati ule ilieleweka. Macintosh ya kwanza ilikuwa na tundu moja la diski ya plastiki yenye uwezo wa kilobaiti 400, na diski ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi, kuandikwa kwa kalamu na kumpa mtu. Kinachowekwa kwenye diski nyingine kilikuwa kinatoka chumbani. Hekima ni kubakisha kimoja nyumbani.

Hekima hiyo bado inafanya kazi pale dukani Gitega. Flashi huondoka na mteja, hupotea njiani, hufuliwa na suruali, hubadilishana wenyewe. Kama kuburuta kwenda kwenye flashi kungekuwa ni kuhamisha, sekretariati zingekuwa zinachapa barua zilezile kila wiki. Kwa upande huo kanuni inastahili kutetewa, na wanaotaka kila kuburuta kuwe kuhamisha wangejuta kabla ya mwezi kwisha.

Lakini geuza upande. Mama anakuja na flashi yenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, diploma ya marehemu mumewe na kitambulisho chake mwenyewe, vyote vimeskaniwa kwingine. Anataka vichapwe. Kijana anaviburuta kutoka kwenye flashi kwenda deskitopu ili avifungue haraka. Diski mbili, basi ni nakala. Anachapa, anarudisha flashi, mama anaondoka akiamini amekwenda na vitu vyake. Na kweli amekwenda navyo. Ila vimebaki pia. Viko kwenye deskitopu ya duka, kati ya vitambulisho vya watu wengine, mbele ya kila atakayeketi kwenye kiti kile, mpaka siku mtu atakapopata nafasi ya kusafisha. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekusudia ubaya. Kidole kimeachia, na kanuni imefanya ilivyofundishwa. Wasiwasi huu hauzungumzwi sana, nao ni mkubwa kuliko ule wa folda lililopotea, kwa sababu aliyepoteza folda atalitafuta, lakini aliyeacha nakala bila kujua hana cha kutafuta.

Lugha yenyewe imewahi kukwama kwenye njia panda hii. Neno la Kiswahili nakili, pamoja na nakala, limetoka kwenye Kiarabu, naqala, ambalo maana yake ya kwanza ni kuchukua kitu kutoka mahali na kukipeleka pengine. Naql ni usafirishaji. Wizara ya uchukuzi ya Oman hubeba neno hilo katika jina lake. Kiarabu hicho hicho hulitumia pia kwa kunukuu na kupokeza maneno ya mtu, kwa kuwa anayepokeza habari huichukua huku na kuifikisha kule, naye aliyempa habari hajapungukiwa. Kiswahili kilishika maana hiyo ya pili na kuiacha ya kwanza, kikachukua “hama” na “hamisha” kwa kazi ya kusogeza. Matokeo yake, mtu wa asili ya Unguja anayeishi Muscat na kutumia Windows ya Kiarabu hukuta kwenye menyu yake neno naql likiwa na maana ya kuhamisha, na la kunakili ni naskh. Sikio lake la Kiswahili linasikia nakili. Mashine inaondoa faili pale lilipo. Mzizi ni mmoja, lakini upande mmoja wa bahari kitu hubaki na upande wa pili kitu huondoka.

Kijana wa Gitega hana menyu ya Kiswahili wala ya Kirundi. Kompyuta yake inasema Kifaransa. Mteja anasema “niwekee” kwa Kiswahili au kwa Kirundi, mashine inajibu kwa lugha ya tatu, na uamuzi kuhusu kinachobaki unategemea tu kama diski ni moja au mbili.

Swali la kinachobaki nyuma halikuanza na kompyuta. Waingereza walipokuwa wakijiandaa kuondoka kwenye makoloni yao, maafisa wao walipewa maagizo kuhusu nyaraka ambazo serikali mpya zisingepaswa kuzirithi. Nyingine zilichomwa. Nyingine zilisafirishwa. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa inashikilia huko Hanslope Park mafaili yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani. Ya Kenya peke yake yalikuwa maboksi kama 300. Kuanzia 2012 yalianza kufunguliwa kwa wasomaji katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Kew. Miaka hamsini karibu ilikuwa imepita. Kule Nairobi mtafiti aliyefungua kabati huenda hakukuta hata karatasi ya kumwambia kwamba kitu kiliwahi kuwapo hapo. Waliziita nyaraka hizo kwa neno la kuhama, na neno lilikuwa sahihi: zilihamishwa, hazikunakiliwa. Vivyo hivyo nyaraka nyingi za utawala wa Kibelgiji wa Ruanda-Urundi ziko Brussels, na Mrundi anayetaka kuandika historia ya wilaya alikozaliwa babu yake huenda akalazimika kuomba viza.

Kwa upande mwingine yuko Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945. Huyu alikuwa mwandishi wa khati, mchongaji milango, mshairi. Wataalamu wa Ulaya, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walipotaka tenzi za Kiswahili, Kijuma aliketi akazinakili kwa mkono wake, ubeti kwa ubeti, akazipeleka. Kazi zake ziko London na Ujerumani hadi leo. Lakini alichokituma kilikuwa nakala, na utenzi ulibaki Lamu vinywani mwa wenyewe. Kalamu yake ililipa gharama ambayo diski huikwepa: muda, wino, mgongo ulioinama. Kwa kuwa alilipa, huku hakukubaki pengo.

Haya ni makubwa kuliko duka la fotokopi, na si haki kukibebesha kipanya dhambi za dola. Hata hivyo yanafundisha macho mahali pa kutazama. Mtu aliyenyang'anywa na mtu aliyepotezewa kwa bahati mbaya husimama mbele ya kabati lilelile tupu, nao huuliza swali lilelile: kilikuwa hapa, kimekwenda wapi?

Kuna programu moja iliyochagua kuuliza kabla. Dolphin, programu ya mafaili ya mazingira ya KDE kwenye Linux, imekuwa kwa miaka mingi na desturi ya kutodhani. Ukiburuta faili na kuliachia, menyu ndogo hufunguka pale pale: hamisha hapa, nakili hapa, unganisha hapa, ghairi. Waliozoea Windows hukasirika. Wanaona wanacheleweshwa kwa swali ambalo jibu lake liko wazi. Ni malalamiko yenye haki. Swali likiulizwa mara mia kwa siku, mkono hujifunza kulijibu bila kulisoma, na hapo ulinzi wake umekwisha.

Lakini kati ya kuuliza kila mara na kunyamaza kabisa kuna nafasi pana, na mpaka leo imetumika kidogo. Mtu anayehama mtaa, hata kama anahama usiku, humwachia jirani neno: akija mgeni mwambie tuko Magarama, nyuma ya soko. Hakuna sababu ya maana inayozuia folda lililoondokewa kufanya hivyo. Mahali Memuwari ilipokuwa pangeweza kubaki kivuli chake kwa siku moja au mbili, kikisema kwa lugha ya mwenye mashine: imehamia Muziki, jana saa kumi na mbili jioni, irudishwe? Na flashi ikichomolewa, deskitopu ingeweza kusema: mafaili matatu yaliyotoka kwenye flashi hiyo bado yako hapa. Mashine huyajua yote hayo inapoyatenda. Haijaambiwa tu kwamba kuna mtu anayehitaji kuyasikia.

Wakati huo haujafika bado, na wajuzi wa sekretariati wana njia yao. Ni kitufe cha kulia. Windows, tangu enzi za 1995, humruhusu mtu aburute kwa kitufe cha kulia badala ya cha kushoto, na anapoachia, menyu hutokea ikiwa na mistari michache: nakili hapa, hamisha hapa, tengeneza njia ya mkato, ghairi. Ni vile vitenzi vya Xerox Star, vimejificha chini ya kidole ambacho wengi hawakitumii kuburutia.

Jioni, saa za kufunga, mama wa vyeti amerudi. Kuna ukurasa mmoja ulichapwa hafifu. Kijana anachomeka flashi, anaburuta kwa kidole cha kati, anaachia, na menyu inafunguka juu ya deskitopu kwa Kifaransa. Hajabonyeza bado. Anageuza uso kutoka kwenye skrini.

“Mama, nikishachapa, nibakishe nakala huku, ili siku nyingine usihangaike? Au nisiache kitu?”

Mama anafikiri kidogo, mkono ukiwa juu ya mkoba. Anauliza huku ni wapi.

Kijana anasogeza kiti pembeni ili naye aone.